Naombeni ushauri: redio ya gari inayopokea amri kwa sauti, nifunge au niache?

MamaPilau wa Goba

Habari za jioni wakuu. Naomba mnishauri kabla sijatoa hela yangu.

Nina gari la Toyota IST. Redio iliyokuja nayo kutoka Japani mpaka leo inaongea Kijapani na inadai kadi ya ramani ambayo sijawahi kuiona. Kazi yangu ni kupika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini: Mwenge, Mikocheni, nikimalizia Victoria. Kuanzia saa nne hivi hadi saa sita na nusu simu haipumziki. Huyu anaongeza sahani mbili, yule ofisi yao imehamia ghorofa ya nne, mwingine anauliza kama kuna samaki wa nazi. Na muda huohuo ndio niko barabarani, mahotipoti yamejaa siti ya nyuma.

Fundi mmoja wa Kariakoo kanitajia bei ya redio ya Android yenye skrini kubwa pamoja na kamera ya nyuma, laki tatu na ushee, kufunga juu yake. Kilichoniteka ni maneno yake: "Mama, simu hutaishika tena. Unasema tu mpigie fulani, inapiga. Meseji inakusomea, unajibu kwa mdomo. Trafiki hana pa kukushikia." Nikaona hapa ndipo penyewe.

Sasa Jumapili shemeji yangu alitubeba kwenda msibani Bunju, na gari lake lina hicho kitu. Nilikaa mbele. Kufika maeneo ya Africana akataka kumpigia kijana wa maturubai. Akaiambia redio impigie Juma. Redio ikamjibu kwa Kiingereza kwamba kina Juma ni wengi, ikaanza kuwataja: Juma Fundi, Juma Bajaji, Juma Gongo la Mboto, Juma Turubai, Juma Usipokee. Inavyoyatamka hayo majina huwezi kujua ni ya watu. Shemeji akasema "Juma Turubai". Ikauliza tena. Akarudia, safari hii akibana pua kama mtangazaji wa BBC. Ikampigia Juma Bajaji.

Muda wote huo mikono yake miwili iko kwenye usukani na macho yako mbele, kwa hilo simsingizii. Lakini mimi mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakanyaga zulia la gari nikitafuta breki ambayo upande wangu haipo. Pale kwenye zebra alikuwepo mama mwenye ndoo kichwani, keshaweka mguu mmoja barabarani. Tukampita. Nikamuuliza shemeji, yule mama wa ndoo umemwona? Akasema, mama gani?

Swali langu: huyu ni shemeji tu na uendeshaji wake, au kifaa chenyewe ndivyo kilivyo? Wenye nazo semeni ukweli. Na je, kuna inayoelewa Kiswahili?

Dereva wa Usiku

Dada funga tu, dunia imeshafika huko. Mimi nabeba abiria wa mtandaoni, ramani inaniambia kata kushoto, kata kulia siku nzima, bila hiyo vichochoro vya Goba kwenu ningelala humo. Sijawahi kugonga hata kuku.

Ila nitenganishe kitu. Ramani inaniambia mimi, mimi siijibu. Hiyo ya kuibembeleza ikupigie simu nilijaribu nikaacha. Abiria nyuma walikuwa wanacheka.

Fundi Redio Gerezani

Mama, mimi hizo redio ndizo ninazofunga, kwa hiyo nikisema ubaya wake ujue naharibu biashara yangu mwenyewe.

Kwanza maiki. Redio nyingi za bei hiyo maiki yake ni kitundu kidogo pembeni mwa skrini. Iko mbali na mdomo wako, iko karibu na tundu la AC. Ukifungua dirisha, daladala ikipiga honi, hapo inasikia Mwenge nzima isipokuwa wewe. Dawa yake ni maiki ya nje: tunapitisha waya ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, tunaibana juu karibu na kichwa cha dereva. Mwambie fundi wako aiweke kwenye bei kabisa, asikwambie baadaye ni nyongeza.

Pili, maneno yako hayafanyiwi kazi humo ndani ya redio. Mara nyingi yanapitia kwenye simu yako, yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko nje, yanarudi. Bando likiisha au mtandao ukisuasua, na pale chini ya madaraja ya Ubungo unasuasua kweli, inabaki kuzungusha kiduara. Na binadamu kiduara kikizunguka lazima akitazame.

Tatu, Kiswahili. Siri, ile sauti ya kupokea amri kwenye iPhone, haijui Kiswahili. Google waliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017, kwa hiyo meseji unaweza kuitamka kwa Kiswahili kwenye simu na ikaandikwa vizuri tu. Lakini amri za hizi redio zinazopita mikononi mwangu, wateja wanazitoa kwa Kiingereza. Sasa changanya mwenyewe: amri ya Kiingereza, jina ni Mwanahamisi Ghorofa ya Nne. Itakupigia nani?

Ukiamua kufunga, ingia kwenye simu ubadilishe majina ya wateja. Jina moja fupi, lisifanane na lingine. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wananirudishia redio wakisema ni mbovu.

Mwalimu Tandika

Binti yangu, nikuite hivyo kwa umri wangu. Nimeendesha malori, Dar hadi Tunduma na kuvuka mpaka, kuanzia enzi za redio kaseti. Sasa nafundisha udereva huku Temeke. Nitasema kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Huyo fundi aliyekwambia trafiki hana pa kukushikia amesema kweli. Lakini angalia amekuuzia nini hapo: amekuuzia kinga ya faini. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, hapo hakuna aliyekuwa na simu mfukoni. Trafiki anatazama mkono uko wapi kwa sababu mkono unaonekana, akili yako imekwenda kwa Juma Turubai yeye ataionea wapi? Yule mama wa ndoo hilo la faini halimhusu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea taarifa za Wamarekani juu ya jambo hilihili na tukazisoma darasani. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Utah anaitwa David Strayer. Yeye na wenzake walifanya kazi na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, kile chama kikubwa cha wenye magari cha Marekani. Mwaka 2013 walitoa kipimo cha mzigo wa akili wa dereva. Kuendesha tu bila jambo jingine wakakupa 1. Ngazi ya juu kabisa, kukokotoa hesabu huku unakariri maneno, wakaipa 5. Kusikiliza redio ikawa kama 1.2. Kuongea na simu bila kuishika, kama 2.3. Kuagiza meseji kwa mdomo, mashine ikusikilize na iandike, ikapita 3. Yaani kile ulichoambiwa ndio usalama wenyewe ndicho kilichokuwa kizito kuliko simu ya kushika mkononi, ambayo ilikuwa chini ya 2.5.

Mwaka 2015 wakarudi na lingine lililonigusa zaidi. Umeshamaliza kuongea na mashine, umeshapata ulichotaka, unadhani umerudi barabarani. Wakakuta kwa mifumo mingine akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi sawasawa. Fanya hesabu: mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 27 umekwenda mita 300. Chukua mita 300 za Shekilango saa sita mchana, uhesabu bodaboda, mikokoteni, watoto wa shule na wauza miwa waliomo humo. Ndio maana mimi mwanafunzi wangu akiniambia "mwalimu nilikuwa kwenye mataa mekundu, nimesimama", namwambia mataa yakiwa kijani utakuwa umeondoka na gari, wewe mwenyewe uko nyuma.

Sasa kwa nini mtu anatazama mbele na hamwoni mama wa ndoo? Hao akina Strayer walilipima hilo pia, mapema miaka ya 2000. Dereva akiwa katikati ya mazungumzo ya simu, jicho linaangukia kitu lakini akili haikipokei, na baadaye hakumbuki kama kilikuwepo. Shemeji yako hakukudanganya aliposema mama gani. Kwake huyo mama hakuwepo.

Na hapa ndipo ninapokuja na la kwangu, la lori. Nilikuwa na utingo mmoja mpiga domo hasa. Toka Chalinze mpaka Mikumi anasimulia tu. Lakini tukishaipita Ruaha Mbuyuni, ule mlima wa kona wa Kitonga unakuja, ile kona ya kwanza tu, kimya. Sikuwahi kumwambia nyamaza. Anaona lori lililoharibika limesimama kwenye kona, anaona basi linashuka, anakata hadithi katikati, hata kama ilikuwa imefika penye utamu. Tukishafika juu kule Ilula anasema "basi bwana, yule mwanamke..." na anaendelea. Mara nyingine ananyoosha kidole tu: kuna jiwe. Redio yako haioni Kitonga. Inakuuliza Juma yupi katikati ya kona, na usipojibu inauliza tena.

Msomaji wa Sinza

Mwalimu shikamoo. Nimefurahia, ila nina mawili ya kukupinga.

Moja, hiyo taarifa ya 2013 naijua. Kwenye jedwali lake kuongea na abiria aliyekaa garini nako kulikuwa kama 2.3, sawa na simu isiyoshikwa, tena juu yake kidogo. Kwa hiyo utingo wako naye alikuwa mzigo.

Mbili, tusimlinganishe mama na dereva asiye na simu, dereva huyo Dar hayupo. Tumlinganishe na anayepapasa skrini. Uingereza mwaka 2020 maabara ya TRL ilipima hili kwa ajili ya shirika la usalama barabarani la IAM RoadSmart, wakatumia chombo cha kuigiza uendeshaji. Waliogusa skrini ya Apple CarPlay, mfumo unaoileta iPhone kwenye skrini ya gari, muda wao wa kushtuka na kuchukua hatua ulirefuka kwa asilimia 57, waliotumia sauti asilimia 36. Android Auto, mfumo kama huo wa simu za Android, kugusa 53, sauti 30. Sauti ni nafuu. Mtu atapokea simu tu, mwacheni apokee kwa nafuu.

Mwalimu Tandika

Marahaba. Umesoma vizuri, lakini soma na mistari ya juu ya jedwali hilo la TRL. Pombe ya kiwango kinachoruhusiwa kule kwao ilirefusha huo muda kwa asilimia 12. Kwa hiyo hiyo nafuu yako ya 30 ni zaidi ya mara mbili ya mtu aliyetoka baa na bado sheria inamruhusu kuendesha. Wewe ungempa huyo mtu funguo za gari lenye mahotipoti ya mama?

La utingo umenibana kweli, na nakubali: mzigo wa akili ni uleule. Mazungumzo ni mazungumzo. Lakini kipimo cha mzigo hakikwambii nani mwingine anatazama barabara. Timu hiyohiyo ya Utah mwaka 2008 iliwapa madereva kazi moja nyepesi kwenye chombo cha kuigiza: endesha barabara kuu, ukiona sehemu ya kupumzikia chepuka uingie. Waliokuwa wanaongea na simu, karibu nusu wakapitiliza. Waliokuwa wanaongea na rafiki aliyekaa pembeni, wengi sana waliingia. Rafiki alikuwa anawakumbusha, na mazungumzo yenyewe yalikuwa yanapungua barabara ikichachamaa. Ndicho alichokuwa anafanya yule utingo, na hakuna chuo kilichomfundisha.

Dereva wa Usiku

Mwalimu umenimaliza. Kumbe ndio maana abiria akikaa mbele mimi nasinzia kidogo kuliko akikaa nyuma na simu yake.

Ila hili la skrini mnalipita haraka. Nimeendesha gari jipya la mteja, AC iko ndani ya skrini, mpaka uingie ukurasa wa pili ndio upunguze feni. Kwenye IST ya mama ile nobu ya AC unaizungusha gizani bila kuitazama. Nasikia Wazungu wenyewe wameanza kurudisha vitufe.

Msomaji wa Sinza

Ni kweli. Euro NCAP, wale wanaoyapa magari nyota za usalama Ulaya, kuanzia 2026 gari linalotaka alama zote linatakiwa liwe na vitufe au swichi halisi za indiketa, taa za hazadi, waipa, honi na simu ya dharura. Mama ukifunga skrini, muombe fundi asikung'olee swichi hata moja ya zamani.

Na mwalimu, nakubali kuhusu 2008. Kuhusu pombe sikubali sana, chombo cha kuigiza sio Morogoro Road. Tutaongea.

MamaPilau wa Goba

Jamani asanteni, sikutegemea nitapata darasa. Mwalimu shikamoo.

Nimempelekea shemeji huu uzi, amesoma mpaka kwa Juma Usipokee akaacha, amekasirika. Hilo ni la familia, tutalimaliza.

Mimi nimeelewa hivi. Simu zinazonisumbua sio za mtu mmoja ninayemjua, ni wateja, kila mmoja na jambo lake, na kila jambo linataka nifikirie: sahani ngapi, zimebaki ngapi, nianzie wapi. Hata redio ingekuwa inasikia Kiswahili cha Tandale bado kufikiria ni kwangu. Basi Zuwena, binti anayenisaidia jikoni, nimekuwa nikimwacha nyumbani aoshe masufuria. Kuanzia wiki ijayo anakaa mbele na simu na daftari. Masufuria yatasubiri. Yeye ndiye atakayepokea, aandike, na kama ni jambo la kuniuliza ataniuliza nikishasimama. Posho ya chakula na nauli yake ya kurudi nimeshapiga hesabu, kwa mwezi mmoja ni ndogo kuliko ile laki tatu.

Kinachobaki ni siku ambazo Zuwena hayupo, anasoma cherehani Jumanne na Alhamisi. Hizo nitawaandikia wateja asubuhi kwenye grupu kwamba oda zinafungwa saa nne, baada ya hapo simu iko kwenye kikapu nyuma. Nitapoteza wawili watatu, yule wa samaki wa nazi lazima atanuna.

Ila kamera ya nyuma bado naitaka, maana kurudi nyuma pale Victoria nimekwangua ukuta wa watu. Fundi wa Gerezani, naweza kupata kamera peke yake bila hiyo redio?

Fundi Redio Gerezani

Unaweza mama. Kuna kioo cha ndani chenye skrini, kinavaa juu ya kile kioo chako cha kutazama nyuma. Ukitia gia ya rivasi kinawaka, ukitoa kinazima, hakiongei na mtu. Ni bei ya chini kabisa ukilinganisha na ile redio. Waya tunaupitisha darini hadi kwenye taa ya rivasi, kazi ya saa moja na nusu kama buti halina vitu, kwa hiyo mahotipoti yaache nyumbani. Redio ya Kijapani nakuachia kama ilivyo, ila nikipata nafasi nitakuwekea kifaa cha kupunguza masafa ya FM upate stesheni za huku, maana najua sasa hivi inaishia 90.

Jumamosi usije, foleni ya magari hapa inafika barabarani. Njoo Jumatano asubuhi.

Dereva wa Usiku

Fundi, hicho kifaa cha FM na mimi nakihitaji. Shilingi ngapi?